Barua kwa mwanangu aliyeanza kazi mpakani

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku Bukoba hatujambo, baba yako anakusalimu. Tumefurahi kusikia umepata chumba karibu na ofisi. Lakini uliponiambia kwamba wiki ya kwanza tu dereva mmoja alikuwekea bahasha mezani, na mwenzako akakwambia kila mtu hapo anakula kwa urefu wa kamba yake, sikulala vizuri. Mengine hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Soma tena Luka, sura ya 3. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wakaishi naye jangwani. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Warudi kwenye meza zao, na vishawishi vyake vyote, wawe waaminifu palepale. Kwa hiyo mimi sikuombei uhamishwe. Hapo mpakani panahitaji Mkristo.

Nataka umjue Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria, akaajiriwa katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa, kazi kama yako kabisa. Mwaka 2007 uliletwa mzigo wa mchele ulioharibika, na waliotaka upite wakampa fedha. Akakataa. Wakamtisha, akakataa. Mchele ule ungeishia kwenye sufuria za watu wasio na uwezo wa kuchagua. Julai mwaka huohuo alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri, hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu, kule Roma, wakati mji wake wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23.

Sikuandikii haya nikikutakia kifo cha shahidi. Mimi ni mama. Nataka wewe ndiye unizike. Ninachotaka ukione ni jinsi alivyoishi kabla ya mchele ule kufika. Alikuwa akisali na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki, na akiwahudumia watoto wa mitaani wa Goma, wale wanaoitwa maibobo, wapate kusoma. Basi siku mzigo mbovu ulipofika, watu ambao wangeula hawakuwa wageni kwake. Aliwajua kwa sura. Naamini hapo ndipo nguvu yake ilipotoka, kwa sababu hakuna anayeokota ujasiri siku ya bahasha.

"Akaaye ndani yangu nami ndani yake, huyo huzaa sana," ndivyo Bwana alivyosema. Wengi hukimbilia habari za kuzaa matunda. Mimi nakuuliza habari za kukaa. Unasali asubuhi kabla hujashika simu? Zamu ikiangukia Jumapili, unakwenda Misa ya saa ngapi? Mara ya mwisho umeungama lini? Usinijibu mimi, mjibu Mungu.

Sasa la nyumbani, na hili nilisema na baba yako kwanza. Nimeona vijana wengi wakiharibika kazini, na si wote walianza kwa tamaa. Walianza kwa sababu nyumbani walikuwa wanasubiriwa: ada ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu, bati za mama. Mwanangu, nakufungua. Bati zetu kuukuu zitatustiri bado. Mwezi ukiweza kutuma kidogo tutashukuru. Mwezi usipoweza, migomba ipo. Mjomba wako akilalamika kwamba una kazi nzuri na husaidii watu, nitamjibu mimi. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usiiguse hata kidogo, maana mwenye deni la namna ile hata bahasha nyembamba inamtosha kumnunua.

Dereva akija, zungumza naye mlango ukiwa wazi. Mzigo mbovu uandikie ripoti siku hiyohiyo na ubaki na nakala. Ukitishwa, usinyamaze peke yako. Mwambie paroko, tuambie sisi, nenda TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa. Na wenzako wanaopokea usiwadharau. Kula nao chakula cha mchana, wasaidie kazi zinapowaelemea, waombee kwa majina yao. Mtu akitaka kuacha, amtafute nani kama wewe umeshamfanya ajione takataka?

Wiki hii tafuta jumuiya ndogondogo ya mtaa wako. Usingoje wakufuate. Kisha unipigie uniambie jumuiya hiyo ni ya mtakatifu gani na Jumamosi mnasalia nyumbani kwa nani, nimwandikie mama wa nyumba hiyo nimwombe akutazame kama mwanawe.

Mimi mama yako