Shoga, deki ya mamako haijafa

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi na mapenzi tele. Voisi yako niliisikia juzi nikiwa kwa foleni ya feri ya Likoni, watu wanasukumana na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu, hapo uliposema ile CD mliyotengenezewa saiba (duka la intaneti) huko Lamu imekataa, mamako ameizaba deki kofi na bado yaandika NO DISC. Nimeona nisikujibu kwa voisi manake maneno ni mengi, na stima huku haieleweki, bora nikuandikie usome taratibu, na mwambie mama aache kuipiga hiyo mashine haina kosa.

Najua haina kosa kwa sababu yaliyokupata yalinipata mimi, na ile CD ya kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bi harusi, ya binti wa shangazi. Nasema CD lakini ni DVD, si wajua kwetu kila cha duara chenye tundu katikati ni CD. Yule dada aliyepiga video alitupa kazi kwa flash, faili mbili kubwa za MP4, haya kazi kwenu. Sasa bi harusi amekaa pale hana hata mtandio, asmini kichwani, mabega nje, piko mpaka viwikoni, nyanya akasema hii haiingii kwa simu ya mtu, haiendi WhatsApp, haiendi popote, nataka CD niangalie na wanawake wenzangu mlango umefungwa. Wallahi mimi nilimuona wa kizamani lakini alikuwa sawa, flash ikipita mikono miwili kabla ya magharibi ishafika Bondeni, CD yakaa kabatini na ufunguo anao mwenyewe kifuani.

Bas nikachukua laptopu ya kakangu, nikatia DVD tupu, nikaburuta zile MP4 mle ndani nikachoma, yaani nikaziandika kwa CD. Kwa laptopu yacheza safi kabisa. Nikaenda kwa nyanya kifua mbele, nikaondoa kile kitambaa chake cha kufuma juu ya deki, nikatia CD, ikazunguka, ikakoroma, ikasimama, ikazunguka tena, NO DISC. Shangazi yuko hapo, majirani wamekuja na mabuyu yao kabisa. Nyanya ananiambia, labda hukuisalimia.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, jina lake nalimeza. Akaigeuza deki akaona ni ya Dubai, ile aliyoleta mjomba, akasema hapa shida ni region, yaani namba ya sehemu ya dunia, Dubai ni 2 na sisi huku ni 5, toa pesa niifungue. Nikatoa. Na hizo namba si za uongo, Dubai ni 2 kweli na Kenya ni 5 kweli, ila mambo ya region ni ya filamu za dukani zilizofungwa na wenyewe, CD uliyochoma mwenyewe nyumbani haina region mpaka wewe uamue kuiwekea. Kwa hivo pesa yangu ililiwa na CD ikakataa vile vile. Mtu akikutajia region hapo Lamu we muage tu.

Aliyenitoa gizani ni kijana wa saiba moja huku Mwembe Tayari, aliniuliza swali moja tu, hii umechoma data ama umechoma video? Nikamwambia kwani si ni video, akacheka. Kumbe laptopu inakula chochote unachoipa, lakini deki ya zamani ni kama mtoto anayeachishwa ziwa, yajua uji wake mmoja tu. Uji wenyewe waitwa MPEG-2, na lazima ukae ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, na humo uone vifaili vya IFO, BUP na VOB. Ukifungua CD yako kwa kompyuta ukaona MP4 imekaa peke yake, usiendelee kuhangaika, hapo deki haina cha kusoma. Kuna deki zilizokuja baadaye zenye alama ya DivX usoni, hizo zakubali AVI, aina nyingine ya faili ya video, lakini hizi MP4 za kamera za sai nyingi zazikataa pia.

Sasa utahitaji programu ya kuipika hiyo MP4 iwe uji. Mimi nilitumia DVDStyler, ni ya bure, nyingine ni DVD Flick, bure pia. Lakini uwe na subira, ile laptopu ya kakangu ilikesha usiku kucha, feni yalia, mimi nalala naamka naitazama kama niko na mgonjwa.

Na hapa ndipo nilipojikwaa tena kwa sababu sikuuliza. Nilipomaliza nikaenda kwa nyanya, CD ikakubali, watu vigelegele, picha ikaja, na ni nyeusi na nyeupe, tena yapanda juu kama lifti. Lile gauni la kijani ambalo shangazi aliuza mpaka bangili kulinunua limetoka rangi ya jivu. Nyanya akasogea mpaka karibu na kioo akauliza, huyu bi harusi ametiwa hina ama masizi? Shangazi nusura alie. Shida ilikuwa programu ilijiwekea NTSC, huo ni mtindo wa Marekani na Japani, mistari 480 na picha karibu 30 kwa sekunde, na TV za kwetu za zamani ni PAL, mistari 576 na picha 25. TV mpya hizi bapa zaelewa zote mbili, ya nyanya yenye mgongo mkubwa ikachanganyikiwa. Kwa hivo kabla hujabofya chochote angalia imeandikwa PAL, usiiamini programu.

Haya, nikarudia, PAL, usiku mwingine mzima. Hii nayo deki ya nyanya ikaicheza dakika kumi ikaanza kukwama kwama, uso wa bi harusi wakatika vipande vipande kama kaimati iliyoanguka. Yule kijana akaniambia nimletee hilo boksi la CD tupu. Akanionyesha alama ndogo sana hata mimi na macho yangu haya sikuwahi kuiona, nilikuwa nimenunua DVD+R, ile ya kujumlisha. Kuna ya kujumlisha na kuna ya kutoa, DVD-R. Ya kutoa ndo ya zamani, ilitoka 1997, ya kujumlisha ikaja 2002, na deki nyingi za zamani zimeizoea zaidi ya kutoa. Zafanana kama mapacha, ukienda dukani sema waziwazi, nataka ya kutoa, muuzaji akikuangalia vibaya mwache akuangalie. Na kama umeshanunua za kujumlisha usizitupe, ile programu ya ImgBurn ina sehemu ya booktype, yaani jina la aina ya CD, unaibadilisha iwe DVD-ROM, deki yadanganyika ikadhani ni CD ya kiwandani, lakini sio kila mashine ya kuchomea yakubali ujanja huo. Zile za RW za kufuta na kuandika tena sahau kabisa. Zarudisha mwanga kidogo mno, jicho la deki ya zamani halizioni.

Manake yule kijana alinieleza, CD ya kiwandani imepigwa muhuri, ina vishimo vya kweli. Ya kwetu haina vishimo, ina rangi, ndo maana ukiigeuza waona zambarau zambarau hivi, na mwale wa kuchomea waunguza rangi hiyo kwa vidoa. Ukichoma mbio vidoa vyatoka ovyo ovyo. Mimi nilikuwa naweka 16x kwa sababu nina haraka. Sai naweka 4x, kama CD yenyewe haikubali basi 8x, na CD iliyojaa kwa 4x ni kama robo saa tu, wakati wa kukaanga viazi karai vya watu wawili.

Halafu lazima uifunge. Kwa programu imeandikwa finalize ama close disc, usiache wazi ati utaongeza kitu kesho. Isipofungwa laptopu yaisoma na deki haioni kitu, na nahisi hii ndo yako, kwa sababu ulisema wale wa saiba wamekwambia wameacha nafasi uongeze picha baadaye.

Na usilazimishe masaa matatu kwa CD moja. Boksi limeandikwa 4.7 GB lakini kompyuta itakuonyesha 4.37 hivi, usidhani umeibiwa, ni hesabu zao za kompyuta na za viwanda hazilingani. Masaa mawili yaingia vizuri, zaidi ya hapo picha yaanza ukungu. Yetu niliigawa CD mbili, ya kwanza bi harusi kuletwa, ya pili ngoma na chakula. Stika ya picha ya bi harusi juu ya CD usibandike, mimi nilibandika ikawa yatetemeka ndani kama tuktuk yapanda daraja la Nyali, andika tu kwa felti.

Ukifanya yote hayo na bado, tafuta CD ya dukani, yoyote, hata ya mawaidha, tia ndani. Ikicheza basi deki nzima na makosa ni ya kuchoma. Ikikataa nayo ndo uanze kushuku jicho, na kwetu sisi watu wa bahari na chumvi hii si ajabu. Chomoa waya kwanza, umwambie kaka yako afungue juu, pamba ya kijiti na spiriti safi, isopropyl, apanguse kale kalenzi kadogo polepole kama anafuta jicho la mtoto. Sio spiriti yoyote ya famasi, nyingine zina mafuta zaacha ukungu. Na CD yenyewe ikiwa na vidole futa kutoka katikati kuja nje, sio kuzungusha.

Yetu ilicheza Ijumaa iliyopita, mwanzo mpaka mwisho. Wanawake kumi na mmoja kwa kile chumba cha nyanya, mlango komeo, madirisha yamefungwa, joto la kufa mtu. Ilipofika pale shangazi anacheza na sinia kichwani nyanya akasema rudisha, nikarudisha, rudisha tena, mpaka rimoti ikaisha betri.

Nimenunua boksi la DVD-R hapa, nakutolea tano, nitazitia kwa basi la Jumanne mpaka Mokowe, mwambie mtu wa boti aziweke juu ya mizigo sio chini ya magunia, na zisikae juani kwa sababu ile rangi yafifia. Nimezifunga kwa leso yangu ile ya zambarau. Leso naitaka.

Wako,
Rukia