Jemedari Kimathi Apewe Kaburi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu Jemedari Dedan Kimathi Waciuri, kiongozi wa Mau Mau, kundi lililopigana na wakoloni Waingereza hapa Kenya, aliyenyongwa katika Gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sisemi kwamba amesahauliwa. Barabara mojawapo kubwa katikati ya jiji letu la Nairobi inaitwa kwa jina lake, chuo kikuu kule Nyeri vilevile, na tangu mwaka 2007 sanamu yake imesimama katika barabara hiyo, ikiwa na bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Napita hapo karibu kila juma, na huona vijana wakipigwa picha chini yake kwa heshima inayonifurahisha. Lakini sanamu si kaburi. Kwetu sisi, maiti ana haki zake: husindikizwa na watu wake, huteremshwa mchangani kwa mikono yao, na wajukuu wanapokua huonyeshwa mahali alipolala. Kimathi hakupata hata moja kati ya hayo.

Huyu ndiye aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua, wakikabiliana na jeshi lililokuwa na ndege za kudondosha mabomu, mpaka alipopigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, kisha mahakama iliyoketi Nyeri ikamhukumu kifo kwa kosa la kupatikana na bastola. Naamini serikali ya kikoloni ilimfukia gerezani bila alama kwa makusudi, maana ilijua kwamba kaburi lake lingekuwa mahali pa watu kukusanyika. Wakoloni wameondoka, lakini amri yao hiyo moja ingali inatiiwa. Hata marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru!

Kinachoniuma zaidi ni habari ya mjane wake, Mama Mukami Kimathi, aliyeomba mabaki ya mumewe kwa serikali moja baada ya nyingine, hadi alipofariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua, bila kuyapata. Watoto wao nao sasa ni wazee.

Najua kazi yenyewe si nyepesi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni ili kuwazima Mau Mau, na Kimathi si peke yake aliyelala Kamiti, kwa hiyo haifai watu waingie na majembe na kuchimbua ovyo. Hata hivyo, siamini kwamba mfungwa mashuhuri kama huyo alizikwa bila mtu yeyote kuandika mahali. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili zilizoondolewa katika makoloni yake, za Kenya zikiwamo. Serikali yetu iandike rasmi kuomba kila karatasi inayohusu maziko ya Kamiti, iwahoji upesi wazee waliofungwa au kufanya kazi humo miaka hiyo, kwa kuwa wanazidi kupungua, na ichukue vinasaba vya watoto wake wakati bado tunao. Mifupa ya wenzake itakayopatikana kando yake nayo isifukiwe tena bila majina.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kariobangi,
Nairobi