Barua kwa wazazi na walezi: kufunga muhula, na picha zisizopigwa kwa kamera

Bagamoyo, Desemba

Ndugu mzazi/mlezi,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: KUFUNGA MUHULA WA PILI NA KAZI ZA KLABU YA SAYANSI

Tunafunga shule salama. Matokeo ya mwanao, tarehe ya kufungua na salio la michango vyote vimo kwenye fomu aliyokabidhiwa. Isome ukiwa naye, uweke sahihi, na kama kuna somo limemwelemea, njoo uonane na mwalimu wake mapema.

Nafasi iliyobaki naitumia kujibu swali ambalo wazazi kadhaa wameniuliza getini na kwa simu: kwa nini watoto wa klabu ya sayansi wanarudi nyumbani na vidole vya kahawia, na zile karatasi zenye michirizi ni kitu gani?

Ni picha. Mwanafunzi anachukua karatasi ya picha, ile ya studio za enzi za filamu, anaipaka rangi ya kucha, nta au asali mahali anapotaka, kisha anaitumbukiza kwenye mabeseni mawili kwa zamu. Beseni moja lina dawa ya kusafishia picha. Dawa hiyo hugeuza chumvi za madini ya fedha zilizokwisha kupigwa na mwanga kuwa fedha yenyewe, ambayo ikiwa katika chembe ndogo namna ile huonekana nyeusi. Beseni la pili lina fiksa, yaani sodiamu thiosalfeti. Hiyo huyeyusha chumvi hizo na kuiacha karatasi nyeupe. Asali inapoyeyuka kidogo kidogo, au rangi ya kucha inapobanduka, sehemu inayofunuka hukutana na beseni ambalo mtoto amelichagua wakati huo, na hapo ndipo michirizi myeusi na myeupe hujipanga kama miduara ya shina la mti lililokatwa. Kazi yote hufanyika mchana kweupe, bila chumba cha giza. Inaitwa kemigramu, na aliyeianzisha ni Mbelgiji Pierre Cordier, mwaka 1956, alipoandika salamu kwa rangi ya kucha juu ya karatasi ya picha.

Naitetea kazi hii kwa moyo wote. Nimefundisha watoto wengi walioweza kuandika mlinganyo wa kemia bila kosa huku hawajui unasema nini. Muhula huu nilimsikia binti wa kidato cha pili akilalamika kwamba kona ya picha yake inakataa kuwa nyeusi, hata akiiloweka kwenye dawa kwa muda mrefu. Mwenzake akamjibu: fiksa imeshaondoa chumvi pale, hakuna kilichobaki cha kugeuzwa. Jibu hilo hakulikariri popote. Hata fiksa iliyochoka, ambayo hatuimwagi ovyo kwa sababu imebeba madini ya fedha, inawafundisha: wakitia ndani nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, chuma huyeyuka na fedha hujitenga ikatuama chini.

Sasa nije kwenye hofu zenu, ambazo ni za haki. Ukahawia wa vidole unatokana na dawa ya kusafishia iliyokutana na hewa. Hutoka wenyewe ngozi inapojibadilisha, lakini dawa hiyo inaweza kumwasha mtu na kumletea vipele. Glavu zipo, watoto huzivua ili washike karatasi vizuri. Kuanzia Januari, atakayevua glavu atatoka nje. Mwenye pumu au ngozi inayodhurika upesi, tafadhali niandikieni kabla hajaendelea.

Mzazi mmoja alishtushwa na jina potasiamu ferisianidi kwenye daftari la mwanawe, akiliunganisha na sianidi, ile sumu kali. Alifanya vyema kuuliza. Katika chumvi hii sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu sana, hivyo sumu yake ni ndogo mradi isichanganywe na asidi kali wala kuunguzwa. Mwalimu wa Kemia ndiye anayeipima na kuifungia kabatini, na siku hiyo chupa za asidi hazitolewi kabisa.

Chumvi hiyo tunaitumia kwa picha za buluu. Huchanganywa na chumvi nyingine ya chuma, ikapakwa kwenye karatasi na kukaushwa gizani. Kisha mwani hulazwa juu na kuanikwa juani. Palipopigwa na jua hubaki buluu, palipofunikwa husuuzika kwa maji matupu pakawa peupe. John Herschel aliigundua njia hii mwaka 1842, na mwaka uliofuata Mwingereza mwenzake, Anna Atkins, akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani wa kwao. Wapo miongoni mwenu akina mama wanaolima mwani Mlingotini. Watoto wenu wameupiga picha ule mwani wenu, kila tawi linaonekana, na ningependa mje muone kwa macho yenu. Kazi zitatundikwa ukumbini siku ya kufungua shule.

Ombi langu ni dogo. Kama una vioo vya fremu kuukuu, rangi ya kucha iliyobaki, au karatasi za picha zilizosahaulika studio, mpe mtoto aje nazo. Karatasi zilizopitwa na wakati, hata zilizoingia mwanga, zinafaa kabisa kwa kemigramu. Dawa za studio za zamani msimpe mtoto. Nijulisheni, mwalimu atazifuata mwenyewe.

Nawatakia likizo njema.

Mkuu wa Shule