Kabla hujaanza kazi ya nyaya na helikopta

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupata nafasi katika genge la mafundi wa laini za umeme huko California. Umeniuliza kama kazi ya kutumia helikopta inanitia hofu. Ndiyo, inanitia hofu, nami sitakuficha sababu zake.

Ninaelewa kwa nini wajenzi wanaihitaji. Laini ya Sunrise Powerlink, yenye msongo wa kilovoti 500 na urefu wa takriban kilomita 188, iliyoanza kazi mwaka 2012 kutoka bonde la Imperial hadi San Diego, ilipita katika milima ambako kuchonga barabara hadi kwenye kila mnara kungejeruhi ardhi vibaya, kwa hiyo vipande vingi vya minara vilipelekwa kwa njia ya anga. Hata hivyo, mwaka 2011 safari hizo zilisitishwa kwa muda kwa sababu za usalama, baada ya matukio yaliyojumuisha kudondoka kwa mzigo.

Hatari kubwa huja pale helikopta inaposimama angani. Injini ikizimika, rubani hujiokoa kwa kuiacha ishuke huku hewa inayotoka chini ikiendelea kuyazungusha mapanga yake, na ili afanikiwe anahitaji kimo cha kutosha au mwendo. Anayeshikilia kipande cha chuma juu ya mnara, akingoja mafundi wakaze bolti, mara nyingi hana hata kimoja. Tena joto la mchana na mwinuko wa milima huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo mzigo uliobebeka asubuhi unaweza kuishinda mashine hiyo hiyo saa nane.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kuvuta ile kamba ya kwanza inayotangulia nyaya. Ikinasa kwenye kapi, helikopta inakuwa imefungwa kwenye mnara, na rubani asipoiachia papo hapo anaweza kupinduliwa. Kwa hiyo uliza kama ndoano ya helikopta inayoshika kamba na mizigo hujaribiwa kila asubuhi, ule ufunguzi wa umeme na ule wa dharura, na usiridhike mpaka uone mwenyewe ikifunguka.

Wewe utakuwa chini, nako si salama. Usipite kamwe chini ya mzigo unaoning'inia. Usiguse ndoano inayoshuka kabla haijaunganishwa na ardhi, kwa maana helikopta hujikusanyia chaji ya umeme angani. Na funga mkanda wa kofia yako kidevuni, kwa kuwa upepo wa mapanga hurusha mawe na mabati.

Nakusihi, kabla hujasaini mkataba, waulize pia ni nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi upepo unapobadilika, na kama fundi wa kawaida kama wewe anaruhusiwa kusema basi bila kufukuzwa. Niandikie watakavyokujibu.

Akupendaye daima,
Rafiki yako