Jumamosi tunachonga unyoya wa kanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana pale pale uani kwangu. Kila mtu aje na kipande cha mbao ya jakaranda kilichokauka vizuri: urefu sentimita 20, upana 5, unene 2. Kibichi ni laini kuchonga, lakini kikikauka hupasuka na kazi ya wiki nzima inapotea. Nyuzi za mbao ziende kwa urefu wa unyoya. Zikikatiza, ncha itakuvunjikia mkononi.

Njooni pia na unyoya halisi wa bawa, wa kanga wa kufugwa au wa jogoo. Uangalieni kwenye mwanga kabla ya kugusa kisu. Pande zake hazilingani: upande mmoja wa uti, ule mhimili wa katikati, ni mwembamba, wa pili mpana. Mara iliyopita wengi wetu tulizichonga sawasawa, ukatoka kama jani la mwembe. Na uti wenyewe haujanyooka, umepinda kidogo na unazidi kuwa mwembamba kuelekea nchani.

Vinyuzi vya pembeni tutavichora kwa kalamu ya kuchomea mbao, kuanzia kwenye uti kwenda nje, kwa mkono mwepesi. Acheni mianya miwili mitatu, kama pale vinyuzi vinapoachana. Mimi napenda sana hatua hii, maana ndipo mbao inapoanza kuonekana nyepesi.

Misasa namba 120 na 240 ninayo. Barakoa kila mtu aje na yake tafadhali, vumbi hili linakaa kifuani. Nijulisheni kufikia Alhamisi nipange viti.