Kifaa chetu cha kusaka hitilafu sasa kinachapa mfuatano wa miito

Wadau, habari za jioni.

Tawi jipya (nakala ya msimbo ya majaribio) la kifaa chetu liko tayari kujaribiwa. Programu ikianguka ghafla, au ikiganda tu bila kusema neno, sasa itatuachia mfuatano wa miito (funksheni zilizokuwa zikiitana hadi hapo): faili, namba ya mstari na jina la funksheni. Hatukuunda mtambo mpya. Tumetumia faulthandler, moduli iliyomo ndani ya lugha ya Python tangu toleo 3.3 la mwaka 2012.

Programu ikiganda, fungua terminali nyingine uandike kill -USR1 (amri ya kuitumia programu ishara ya USR1) na namba ya mchakato wake. Itachapa kila uzi (mkondo wa kazi ndani ya programu) ulipo, kisha itaendelea na shughuli zake. Wa Windows mtuwie radhi, ishara hiyo huko haipo. Ninyi tumieni dump_traceback_later, funksheni ya faulthandler. Mnaipa sekunde kadhaa, zikiisha inachapa yenyewe.

Kuna jambo litawachanganya, nawaambia mapema. Makosa ya kawaida ya Python tunayasoma kuanzia chini, maana mwito wa mwisho uko chini kabisa. Hapa ni kinyume: wa mwisho ndio unaotangulia juu. Ukianzia chini utajikuta unakagua main.py, faili programu inapoanzia, bure.

Thamani za vigeu hazionyeshwi. Kwangu afadhali hivyo, nywila za watu zisije zikajaa kwenye logi.

Mkishajaribu, bandikeni matokeo hapa kama maandishi, tafadhali, si picha ya skrini. Pasipo pingamizi, naliunganisha tawi na msimbo mkuu Ijumaa.