Barua ya Wazi kwa Vijana wa Saini Arobaini

Wanangu, kamwene.

Jumanne mlikuja kwangu saba, mvua inanyesha, mmeshika barua ya kumpelekea mkuu wa wilaya. Mnataka wanunuzi wa viazi kutoka nje ya mkoa wazuiwe kuingia mashambani, madalali wafukuzwe, na serikali ipange bei ya gunia. Mkataka saini yangu iwe ya arobaini na moja, maana mvi huongeza uzito. Nikakataa. Mkaondoka chai iko nusu kikombe, na mmoja wenu nikamsikia uani akisema mzee kapewa kitu na madalali.

Nilipewa kitu kweli, ila zamani, na si na madalali. Nilipewa karatasi. Mwaka 1978 mimi na marehemu baba tulipeleka magunia 18 ya mahindi kwa mkokoteni hadi kwenye ghala la shirika la umma, maana kumuuzia mwingine ilikuwa kosa. Bei ilikuwa imepangwa, moja nchi nzima, kama mnavyoitaka ninyi. Fedha ndiyo haikupangwa. Tukapewa stakabadhi, baba akaikunja akaitia kwenye kopo la majani ya chai, na kila mwezi alikuwa anaifungua kuitazama kana kwamba ingezaa. Tulilipwa mahindi ya msimu uliofuata yakiwa yamefika magotini. Katikati hapo dada yangu aliugua, na baba akamuuzia magunia 3 mtu aliyekuja usiku, taa imezimwa, wananong'ona. Baba yangu akawa kama mwizi wa mahindi aliyoyalima mwenyewe! Yule mtu alilipa taslimu. Jina lake kwa serikali lilikuwa mlanguzi. Leo mnamwita dalali.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Waliokuwa na sabuni na vitenge vya ziada, wengine wakavitupa mtoni kwa woga, na maduka hayakujaa kwa sababu hiyo. Kisha akaja Mzee Mwinyi akafungua milango, watu wakamwita Mzee Ruksa. Nampa heshima yake. Lakini hilo neno ruksa huwa linaniudhi. Mtu aamke saa kumi na moja kwenye baridi hii ya Njombe, apande, apalilie, apulizie dawa ya ukungu, halafu apewe ruksa ya kuuza? Ruksa ya nani?

Mkidhani hizo ni hadithi za kale, basi kumbukeni 2017, wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kulima. Serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, kwa nia njema kabisa, ili chakula kisipungue. Bei huku Nyanda za Juu Kusini ikaporomoka, na mbolea tukaendelea kuinunua bei ile ile. Sasa ninyi mnataka kizuizi kile kile kiletwe mlangoni, tena kwa saini zenu. Mnunuzi wa mbali mkishamfukuza, atabaki wa karibu peke yake, na huyo ndiye atakayewapangia bei akiwa amekaa kitako.

Sisemi serikali isiwepo. Ina kazi yake na haiifanyi. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, nanyi mnashona lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, lenye kilemba juu mchana kweupe. Mzani uko wapi? Hapo andikeni barua, nitasaini mara mbili.

Na hili la geti la ushuru nitalisema ingawa mhusika atanuna. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kirikuu ya mmoja wenu, magunia 5 ya viazi, tunapeleka halmashauri ya jirani. Tulipofika getini alishusha kioo, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, ikaingia kwenye kiganja, kamba ikashushwa. Risiti hakuna. Mashine ya kukusanyia mapato ilikuwa juu ya kiti, imefunikwa na sweta. Nikamuuliza, unajua tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao? Akacheka, akaniambia, "Babu, tuwahi tu." Huyu huyu saini yake ni ya tatu kwenye barua yenu! Haki yake mwenyewe imemshinda kuidai, anaomba ya jirani izuiwe.

Lakini tumewalea hivyo sisi wenyewe. Darasa likijengwa kwa kodi yetu, tunamchezea ngoma mheshimiwa na kumshukuru kwa "kutuletea". Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji miaka mitano, taarifa tuliisoma mara mbili. Hakuna aliyeuliza, nasi tukaona raha. Nalitaja kwa aibu.

Mengine kwa kifupi. Shamba lisilo na hatimiliki ya kimila kaliombeeni, sheria ipo tangu 1999. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, tafuteni ukurasa wa halmashauri yetu. Kamwe msisaini karatasi ya mahudhurio ya kikao ambacho hamkukaa, hata kama ina posho.

Mkutano ni Jumamosi saa nne, pale ofisi ya kijiji. Nitauliza fedha za ushuru wa mnada zimekwenda wapi tangu Januari. Mara ya mwisho nilipouliza mlinizomea nikae chini kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia. Safari hii nakuja na mwavuli.

Barua yenu iko kwangu, sijaichana. Na aliyesahau koti la mvua la bluu aje alichukue, mbuzi wameanza kulitafuna.

Babu yenu wa kule juu, karibu na mti wa parachichi.